MLANGO WA BODI NA MALALAMIKO YETU



Wengi mmetuuliza kwa nini Chama hakijaondoa malalamiko yake juu ya bodi ya manispaa, hali bodi imekwisha tuma mtu kutupa pole na kutualika chai. Pole hiyo haikuandikwa, na kumbukumbu za mkutano ule hatujaziona mpaka leo.

Mambo yalikuwa hivi. Bodi ilikutana juu ya kazi ya usafi wa soko. Wajumbe wetu walipofika, askari wa mlango akawaambia mkutano ni wa ndani. Siku ya pili ikasikika mjini kwamba kazi atapewa kontrakta. Wafagiaji wa soko, ambao riziki yao ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa mle ndani, walipashwa habari na wauza mboga.

Wakubwa wa bodi hutujibu kwamba kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010, kinachoamuru mikutano ifanywe mbele ya watu, chataja bunge la kaunti na kamati zake, wala hakitaji bodi ya manispaa. Hapo wasema kweli. Lakini kifungu cha 10 chawafunga maofisa wote wa serikali: uwazi, na wananchi kushirikishwa. Kifungu cha 47 chasema mtu ambaye haki yake imeumizwa na uamuzi wa ofisi, au yaelekea kuumizwa, apewe sababu kwa maandishi. Nayo Sheria ya Miji ya 2011 yampa mkazi nafasi ya kupeleka malalamiko kwa bodi na kujulishwa yaliyoamuliwa. Sasa bodi ituonyeshe ni sheria ipi iliyoiruhusu kutuweka nje.

Hila za mlango si ngeni. Huko Uingereza sheria ya 1908 iliwaruhusu waandishi wa magazeti kuingia mikutano ya mabaraza ya miji. Mabaraza mengine yakawa yanajigeuza kamati ya wajumbe wote, na mlango ukafungwa. Sheria ya 1960 ikaja kuziba njia hiyo na kuwaingiza raia wote. (Aliyeileta ni Margaret Thatcher, ambaye baadaye hakuwa rafiki wa vyama vya wafanya kazi hata kidogo. Na waliompa sababu ni mabaraza yaliyowafungia nje waandishi wakati wa mgomo wa wapiga chapa, yakidhani yanawasaidia wagomaji. Tusione haya kulisema.)

Wako wenzetu wasemao tukubali pole yaishe, tusije tukawaudhi wakubwa. Twaielewa hofu yao, maana mfagiaji asiye na barua ya ajira huondolewa kwa neno moja. Lakini tukiondoa malalamiko leo, uamuzi wa siri wabaki pale pale, na kontrakta aingia sokoni. Kwa hiyo twataka bodi ikiri kwa maandishi, itoe kumbukumbu, na zaidi ya yote shauri la usafi lisikilizwe upya mlango ukiwa wazi, tangazo likiwa limebandikwa penye lango la soko siku za kutosha. Kufungua mlango mkutano ujao, wakati kazi imekwisha gawanywa, hakutusaidii kitu.

Tumeandika barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua ya namna hii yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, haina ada ila gharama ya nakala, na ofisa apaswa kujibu kwa siku 21. Akikataa, tuna siku 30 za kwenda kwa tume ambayo wengi huiita Ombudsman. Tume hiyo yaweza kuamuru karatasi zitolewe, na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu. Sheria hii haitavunja uamuzi wa bodi; itatupa karatasi tu. Lakini ndani ya karatasi hizo tutajua nani alikuwapo, nani alisema nini, na kama yuko mjumbe aliyekuwa na faida yake katika kontrakti hiyo.

Siku 21 hazijatimia. Nakala ya barua iko kwa Karani wa tawi, na asiyejua kusoma aje jioni baada ya kazi asomewe. Wafagiaji wa soko walete majina yao na mwaka walioanza kazi kabla ya Jumamosi.