Mafuriko ya Nyando Si Jambo la Ghafla

Mvua za masika zinapokolea, Mto Nyando huteremka kutoka vilima vya Nandi ukiwa umejaa matope, na ukifika uwanda wa Kano katika Kaunti ya Kisumu, mahali palipo tambarare, hufurika. Wakazi wa Ahero, Kakola na Ombaka huyahama makazi yao wakajihifadhi katika madarasa ya shule na makanisa. Vyoo vya shimo vilivyochimbwa katika ule udongo mweusi hubomoka, visima huingia uchafu, na umati wa watu hugawana vyoo vichache. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Uchunguzi wa mlipuko wa mwaka 1997 na 1998 huku magharibi mwa Kenya ulionyesha wazi njia zake: kunywa maji ya ziwa au ya mto, kula pamoja na mtu anayehara, na kula katika matanga. Basi ikiwa msimu wake twaujua, na mahali pake twapajua, kwa nini tungali tunauita msiba huu dharura?

Swali hili lina uzito wa fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kuweka katika mfuko wa dharura hadi asilimia 2 ya mapato yake, nayo yataka fedha hizo zitumike kwa haja ya haraka ambayo haikutarajiwa. Mafuriko ya Kano yanatarajiwa. Kuutegemea mfuko huo ni kukubali kwamba klorini, dripu na mahema vitaanza kutafutwa watu wakiwa tayari wamelala madarasani. Kenya ilipimwa uwezo wake wa kukabili milipuko mwaka 2017, ukatungwa mpango wa kitaifa wa usalama wa afya wa miaka ya 2020 hadi 2024. Juhudi hiyo ni njema na yastahili heshima. Lakini Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti huduma za afya, kwa hiyo mpango wa Nairobi usiokuwa na fungu lake katika bajeti ya Kisumu hauwezi kumfikia mgonjwa wa Kakola.

Wapo watakaosema kwamba hospitali zina upungufu wa dawa leo, na ni makosa kununua vifaa hivyo mapema na kuvifungia ghalani kwa ajili ya mvua ambayo huenda isinyeshe. Hoja hii ina haki yake, na tena klorini hupungua nguvu ikikaa muda mrefu. Lakini akiba si lazima ioze. Ya mwaka huu na itumike kutibu maji ya hospitali na ya mradi wa maji, kisha mpya ishike nafasi yake kabla ya Machi. Wengine huweka tumaini katika chanjo. Chanjo ina faida, ila tangu Oktoba 2022 uhaba wake duniani umelazimisha watu wanaokabiliwa na mlipuko wapewe dozi moja badala ya mbili, na atakayeingoja hadi wagonjwa waonekane atakuwa amechelewa. Na wako wanaouliza kwa nini watu wa Kano wasihame kabisa. Wahame waende wapi? Mto huo huo ndio unaonywesha mashamba ya mpunga ya Ahero, na mchele wake unaliwa na wengi ambao hawajawahi kukanyaga tope la Nyando.

Wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba hizi mlango kwa mlango. Wapewe dawa ya maji mkononi mapema, wapewe na amri ya kuigawa mara Idara ya Hali ya Hewa itangazapo mvua kubwa, pasipo kusubiri barua ya pili. Tangazo hilo ndilo lifungue ghala. Tukisubiri mgonjwa wa kwanza, maji yatakuwa yamekwisha kunywewa na kijiji kizima.

Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, na sheria inawapa wananchi haki ya kusikilizwa kabla hayajapitishwa. Yatupasa tufike, tumuulize mwakilishi wadi wetu atuonyeshe katika karatasi hizo klorini ya Nyando imeandikwa ukurasa gani, kwa kiasi gani, na itahifadhiwa katika ghala lipi.