Kabla ya Kufunga Paja

Kila aliyewahi kukanyaga dojo la judo au karate anakijua kile kikao: magoti yamekunjwa, makalio yamekalia visigino, mgongo umenyooka, sensei anafundisha. Ukija kusimama, miguu imekufa ganzi. Mwaka 1966, Mjapani mmoja kijana, Yoshiaki Sato, alikaa hivyo kwenye ibada ya Kibuddha hadi mashavu ya miguu yakajaa na kumuuma. Akagundua kwamba maumivu yale ni yale yale anayoyapata baada ya kunyanyua vyuma. Akaanza kujifunga mikanda na kujijaribia mwenyewe. Mwaka 1973 aliumia kifundo cha mguu akiteleza kwenye theluji, akatiwa plasta, naye akaendelea kufunga paja na kukaza misuli humo humo ndani ya plasta. Mguu haukunyauka kama ilivyotarajiwa. Njia hiyo Wajapani wanaiita kaatsu, na sasa imefika kwenye dojo zetu.

Nasema mapema kwamba naiamini. Mkanda hufungwa juu kabisa ya paja, karibu na kinena. Kazi yake ni kupunguza damu inayoshuka mguuni na kuizuia inayorudi moyoni, bila kuziba kabisa. Misuli inakosa oksijeni, asidi inajikusanya, na zile nyuzi kubwa ambazo kwa kawaida husubiri uzito mkubwa ndipo ziamke, zinaingia kazini mapema. Ndiyo maana mzigo wa asilimia 20 hadi 30 ya uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja unatosha, wakati mazoezi ya kawaida ya nguvu yanadai asilimia 70 na zaidi. Mpango uliozoeleka ni marudio 30, kisha 15 mara tatu, na mapumziko ya sekunde 30 katikati. Kwa mwanajudo aliyefanyiwa upasuaji wa goti, asiyeweza hata kuchuchumaa na chuma begani, hii ni nafuu kubwa.

Kwa aliye mzima, mambo ni tofauti. Misuli hunenepa karibu sawa kwa njia zote mbili, lakini nguvu zenyewe huongezeka zaidi kwa uzito mkubwa. Anayetaka teke zito na miguu isiyong'oka akikamatwa, achuchumae na chuma.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niandike ni damu yetu. Selimundu karibu haipo Japani, njia hii ilikozaliwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, na wanaobeba kinasaba kimoja tu, wazima kabisa, wengi wao bila kujua, ni wengi kuliko wagonjwa. Seli za damu za mtu wa namna hiyo hujikunja kama mundu zikikosa oksijeni na kuzungukwa na asidi, hali ile ile ambayo mkanda umefungwa ili kuileta. Marekani, baada ya mchezaji wa chuo kikuu aliyebeba kinasaba hicho kufariki mwaka 2006 kufuatia mazoezi makali, wanamichezo wa daraja la kwanza la vyuo walianza kutakiwa kupimwa kuanzia mwaka 2010. Mchezaji yule hakuwa amefungwa mkanda wowote. Zilitosha mbio tu.

Hatari ya pili ni tyubu ya baiskeli. Kwetu tyubu hufunga kila kitu, na kesho itafunga paja. Mpira mwembamba hukata mahali pamoja na kubana neva, tena hakuna ajuaye umebana kiasi gani. Mkanda wa kazi hii ni mpana, una kipimo, na hukazwa kati ya asilimia 40 na 80 ya mbano unaosimamisha mapigo ya damu ya mtu huyo mwenyewe, kwa kuwa paja nene na paja jembamba hayakazwi sawa.

Na kuna adabu ya dojo, ambayo naipenda na hapa naiogopa. Tumewafundisha vijana kuvumilia na kunyamaza mbele ya sensei. Kijana huyo akifungwa paja, mguu ukafa ganzi au ukageuka rangi, hatasema. Kesho yake akikojoa mkojo wa rangi ya kola, dalili kwamba misuli imevunjika na figo ziko hatarini, atanyamaza vile vile. Basi kuuliza ni juu ya kocha: kwenu kuna selimundu? Umewahi kuganda damu? Presha yako ikoje? U mjamzito?

Toleo hili ni la miguu ya wapiganaji, na kurasa nyingi zinazofuata zitakupa hamu ya kujaribu. Kocha, nakuomba: mpeleke kwanza mwanafunzi wako akapime damu. Jibu lisiporudi, mkanda ubaki kabatini.