Kidole si Mizani

Wataalamu hupima urefu wa kidole cha shahada na kuugawa kwa ule wa kidole cha pete. Tangu utafiti wa John Manning na wenzake wa Uingereza mwaka 1998, hesabu hiyo imehusishwa na homoni zinazomfikia mtoto tumboni mwa mama, kisha na nguvu za wanamichezo, wakiwamo walemavu wanaonyanyua vyuma wakiwa wamelala chali.

Hatuipingi elimu. Lakini uhusiano huo ni hafifu. Hautoshi kumchagua mtu wala kumkataa. Tena hauna maana kwa aliyekatwa vidole, au ambaye kiganja chake kimepindishwa na maradhi.

Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Bara ikafuata kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2010. Basi kijana mlemavu wa Mlandege ya Iringa na mwenzake wa Mlandege ya Unguja wote wana haki ya kushiriki michezo.

Wanachohitaji ni benchi imara, vyuma, mwalimu na njia ya kupitisha kigari. Unyanyuaji umo katika Olimpiki ya Walemavu tangu Tokyo 1964; wanawake waliingia Sydney mwaka 2000. Haifai nadharia ya vidole igeuzwe udhuru wa kutowagharimia vijana hawa.

Tunawasihi maofisa wa michezo, Bara na Visiwani: pimeni uzito unaonyanyuliwa, vidole viacheni.