Skrini ikiwa nyeusi, fundi asikimbilie kufuta kompyuta

Goma, Bukavu, Butembo, Bunia: katika miji hii ya mashariki mwa DRC, vijana waliofungua vyumba vya michezo ya kompyuta wanalifahamu tatizo hili. Mteja amelipa, mechi imefika dakika za mwisho, mara skrini inakuwa nyeusi. Mashine ingali inawaka, lakini hakuna picha. Fundi anaitwa, na kabla hata ya kuuliza swali moja anatoa hukumu: tuifomati, yaani tufute kila kitu na kuweka Windows upya.

Hukumu hiyo imekuwa desturi, na ni desturi mbaya. Inamgharimu mwenye kompyuta pesa na kazi zake, na mara nyingi tatizo linarudi baada ya siku mbili kwa sababu hakuna aliyetafuta chanzo chake.

Hasara yenyewe ni kubwa. Mchezo kama GTA V unachukua zaidi ya gigabaiti 70. Kuupakua tena kwa mega za simu ni gharama ambayo chumba kidogo cha michezo hakiwezi kuirudisha haraka. Tena, katika nyumba nyingi kompyuta ya michezo ndiyo hiyo hiyo yenye kazi ya mwisho wa masomo ya mwanafunzi, picha za arusi na hesabu za duka la mama. Fundi akibonyeza mara moja bila kuweka nakala pembeni, vyote vinakwenda.

Skrini nyeusi ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Muuguzi hampi kila mwenye homa dawa ya malaria bila kupima. Kwa kompyuta pia kuna vipimo, na vya kwanza havilipiwi hata franka moja.

Kipimo cha kwanza ni kusikiliza. Ikiwa picha imepotea lakini sauti ya mchezo inaendelea, mashine haijafa: mashaka yanaelekea kwenye kadi ya picha, kebo ya skrini, au piloti, ile programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya picha. Kubonyeza pamoja Windows, Ctrl, Shift na B kunaiamuru Windows kuanzisha piloti hiyo upya. Picha ikirudi, fundi amekwisha pata njia ya kufuata. Ikiwa kompyuta inazimika yenyewe au kujiwasha upya, mashaka yanaelekea kwenye umeme, alimentasio au joto. Na ikiwa mchezo mmoja tu ndio unaokatika huku mingine ikiendelea vizuri, basi chanzo kitafutwe kwanza katika mchezo huo: faili zilizoharibika, mpangilio wa picha uliozidi nguvu ya mashine, au nakala isiyo halali iliyopitishwa kutoka flashi hadi flashi.

Kipimo cha pili ni kusoma kile ambacho Windows yenyewe imeandika. Inatosha kubonyeza Windows na R, kuandika eventvwr, na kutazama saa ambayo skrini ilizimika. Namba 4101 inaonyesha kwamba piloti ya picha iliacha kujibu, Windows ikaianzisha tena. Kwa kawaida Windows huisubiri kadi ya picha sekunde 2 tu kabla ya kufanya hivyo. Namba 41 inaonyesha kwamba mashine ilikatika bila kuzimwa vizuri. Haisemi kwa nini, lakini inamtuma fundi kutazama umeme na joto kabla ya kugusa programu yoyote. Kazi hii haichukui dakika kumi. Fundi anayeiruka anabahatisha kwa mali ya mwengine.

Katika miji yetu kuna sababu zaidi ya kuanza na umeme na joto. Magaribi, wakati kila nyumba inapowasha jiko na pasi, volti inashuka. Taa inafifia kidogo tu, lakini kompyuta ambayo mchezo unaidai nguvu nyingi inaweza kukatika papo hapo. Mashine inayocheza vizuri saa nane za usiku na kukatika kila siku saa moja za jioni haina haja ya Windows mpya. Inahitaji kupimwa volti kwenye priza, na pengine stabilizatere ya kweli au alimentasio yenye nguvu ya kutosha.

Joto nalo lina njia zake. Goma iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko juu ni nyepesi, hivyo ventilatere inapoza kidogo kuliko ingepoza kando ya bahari. Ongeza vumbi jeusi la mawe ya volkano linaloingia kila mahali, chumba chenye mashine sita na dirisha moja, na kompyuta zilizofika hapa zikiwa zimekwisha tumika miaka mingi ng'ambo, pasta ya kupoza prosesa ikiwa imekauka. Kusafisha vumbi na kubadilisha pasta hiyo ni kazi ya saa moja, na haifuti hata faili moja.

Mambo yaliyotokea ulimwenguni yanatoa funzo hilo hilo. Mwaka wa 2024, wachezaji wengi wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 waliona michezo ikikatika, mara nyingi kwa ujumbe uliodai kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi. Wengi waliilaumu kadi ya picha. Mwezi wa Julai, Intel yenyewe ilitangaza kwamba prosesa hizo za kompyuta za mezani zilikuwa zikipewa volti iliyozidi kiasi. Mwezi wa Agosti ilitoa marekebisho, na ikaongeza miaka 2 ya garanti. Prosesa iliyokwisha haribika ilibidi ibadilishwe. Kufomati hata mara ishirini kusingeiponya.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 ikawa zamu ya NVIDIA. Baada ya kadi za RTX 50 kuanza kuuzwa mwezi wa Januari, baadhi ya wanunuzi walikutana na skrini nyeusi, na kampuni hiyo ilitoa piloti mpya mara kadhaa ili kurekebisha. Kadi hizo ni ghali na wachache hapa wanazo. Lakini ikiwa mashine mpya kabisa inaweza kuugua kwa ajili ya piloti, si ajabu mashine ya mitumba nayo kuugua hivyo.

Kuna mafundi watakaojibu kwamba kufomati kunaponya. Ni kweli, wakati mwengine kunaponya, kwa sababu Windows mpya inakuja na piloti mpya na kuondoa zile zilizogongana. Lakini piloti inaweza kuondolewa na kuwekwa nyingine safi bila kugusa faili za mtu. Kwa nini kubomoa nyumba nzima ili kubadilisha kitasa?

Mafundi pia wana lao la kusema, na wasikilizwe. Wateja wengi wanakubali kulipa wanapoona Windows mpya ikiingia, lakini wanakataa kulipia saa moja ya kutafuta chanzo, eti fundi alikuwa anatazama tu. Mteja wa namna hiyo ndiye anayemfundisha fundi kufuta. Bei ya kupima ingepaswa kujulikana na kulipwa peke yake, hata kama jibu litakuwa ni vumbi tu. Naye fundi ampe mteja karatasi fupi: alichopima, alichokuta, alichobadilisha. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, akianza na kile kisicho na gharama, ili ijulikane ni kipi kilichoponya. Na ikibidi kufomati kweli, nakala za faili ziwekwe kwanza kwenye disiki nyingine, mwenye mali akiangalia.

Vijana wengi wa mashariki wamejitengenezea kazi kupitia kompyuta wakati ajira nyingine hazipo. Kazi hiyo inasimama juu ya uaminifu wa wateja. Fundi anayetaka kuulinda aulize kwanza maswali matatu: sauti iliendelea? Ilikuwa saa ngapi? Ni mchezo huu tu au yote?