Mbwa Aliyepofuka: Tuulize Kwanza Kama Anaumia

Katika nyumba nyingi, za mijini na za vijijini, mbwa anayepoteza uwezo wa kuona hupewa moja ya hukumu mbili. Ya kwanza husema amezeeka, basi aachwe mpaka afe mwenyewe. Ya pili husema hana kazi tena, basi auawe. Hukumu zote mbili hutolewa haraka, na kwa maoni yangu zote zina asili moja: tunakipima kile alichokipoteza mbwa kwa kipimo cha kile ambacho sisi tungekipoteza. Binadamu huishi kwa macho kwanza. Mbwa huishi kwa pua, kisha kwa masikio, na macho yake hufuata nyuma.

Pua ya mbwa ina mamia ya mamilioni ya vipokezi vya harufu, ilhali ya binadamu ina milioni chache tu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakitumia picha za MRI, walieleza njia za neva ambazo katika ubongo wa mbwa huiunganisha sehemu inayopokea harufu na sehemu ya nyuma inayoshughulikia kuona. Ndiyo maana mbwa anayepofuka polepole huweza kuwaficha wenye nyumba kwa miezi mingi. Anapita mlangoni, anauzunguka mwembe, anakwenda palepale anapolala, hadi siku mtu anapolihamisha pipa la maji naye akaligonga kwa paji la uso.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe kama mbwa anaona. Liwe kama anaumia, na la pili liwe ni ugonjwa gani uliomfikisha hapo. Upofu wenyewe hauna maumivu. Kilicho nyuma yake mara nyingi kinayo, na mara nyingine kinatibika.

Chukua mfano wa kisukari. Mbwa wengi wenye ugonjwa huo hupata mtoto wa jicho, tena kwa kasi inayowashangaza wanaozoea kumwona mtoto wa jicho wa wazee wetu, anayekomaa kwa miaka. Mbwa anayekunywa maji kupita kawaida, anayekojoa mara kwa mara, anayekonda huku akila vizuri, kisha mboni zikawa nyeupe katika muda mfupi, asipewe jina la mzee. Mgonjwa wa kisukari anayesoma jarida hili atazitambua dalili hizo bila kuelezwa na mtu. Ipo pia Ehrlichia, bakteria anayeenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye huweza kuleta uvimbe ndani ya jicho, kuvuja damu, na hata kubanduka kwa retina. Katika maeneo yenye mbung'o, vimelea vya nagana huweza kuigeuza konea ikawa na ukungu mweupe wa kibuluu. Magonjwa haya yana dawa, na yakiwahiwa jicho laweza kuokolewa. Mwenye mbwa aliyezoea kumwogesha kwa dawa ya kupe amekwisha kufanya kazi kubwa ya kuyalinda macho yake, hata kama hakuwahi kuifikiria hivyo.

Yupo na swila, nyoka atemaye sumu, ambaye mbwa wa mashambani humkabili kwa uso. Hapo dakika ndizo zinazoamua. Jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa robo saa au zaidi, kisha mnyama apelekwe kwa daktari wa mifugo. Maji ya majani, tumbaku na mkojo havina nafasi katika jicho hilo. Mtu aliyetemewa naye huoshwa vivyo hivyo kabla ya kukimbizwa hospitali.

Ugonjwa ninaotaka tuutazame kwa makini zaidi ni glakoma, yaani presha ya jicho, kwa sababu ndio unaotupotosha zaidi. Kwa binadamu, glakoma iliyo ya kawaida huja kimya. Hula uoni wa pembeni kwa miaka bila mgonjwa kusikia chochote. Mhudumu wa afya aliyezoea sura hiyo anaweza kudhani kwamba kwa mbwa ni hivyohivyo. Sivyo. Kwa mbwa mara nyingi huja kwa ghafla: jicho huwa jekundu, hufifia kama kioo kilichoshika mvuke, baadaye hutuna, na uoni unaweza kupotea ndani ya siku moja hadi tatu. Maumivu yake ni makali. Lakini mbwa halii kwa maumivu ya jicho. Hulala zaidi, hukataa chakula, hufumba jicho, hukwepa kuguswa kichwa, naye mwenye nyumba husema amenyong'onyea kwa kuwa haoni. Jicho la namna hiyo likishapofuka na presha isishuke kwa dawa, daktari wa mifugo hushauri liondolewe. Watu wengi hushtuka wakisikia hivyo. Huona ni ukatili juu ya ukatili. Nami naona ukatili ni kuliacha. Mbwa aliyeondolewa jicho lililokuwa likimtesa, jeraha lake likapona, mara nyingi huanza tena kula na kucheza, na wenye nyumba ndipo wanapojua kwamba kilichokuwa kimemlaza ni maumivu.

Kuna kichupa cha dawa ya macho kilichobaki kabatini tangu mtu fulani wa nyumba atibiwe. Kisitumiwe. Dawa zenye steroidi zikitiwa katika jicho lenye kidonda cha konea huweza kukichimba kidonda hicho hadi jicho litoboke, na hilo ni kweli kwa jicho la mbwa kama lilivyo kweli kwa jicho la mwenye mbwa.

Maumivu yakishaondolewa, kazi inayobaki ni ya nyumbani, nayo haihitaji fedha nyingi. Chakula na maji viwekwe mahali pamoja siku zote. Vitu visihamishwe ovyo. Kisima, shimo la taka na mtaro vifunikwe au vizungushiwe, na jiko la mkaa lisiachwe chini anapopita. Kipande cha mkeka au gunia mbele ya ngazi humwambia kwa nyayo kwamba ngazi imefika. Njuga ndogo shingoni mwa mbwa mwenzake humfanya ajue mwenzake yuko wapi. Neno moja fupi, kama "simama" au "ngazi", likitumiwa na watu wote wa nyumba kwa maana ileile, atalijifunza. Asibebwe kila mara, maana kila anapobebwa na kutuliwa penginepo hupoteza ramani aliyoijenga. Wanaofuga mbwa nje kwa ajili ya twahara ya nyumba hawalazimiki kumwingiza ndani. Ua wenye uzio na mpangilio usiobadilika watosha. Na wale wanaouliza faida ya mlinzi asiyeona wajue kwamba hatua ya mgeni huisikia kabla ya mtu yeyote wa nyumba hiyo. Asiachiliwe tu usiku mahali pasipo na uzio, kwani barabara haijui kwamba haoni.

Sisemi haya kwa kumlinganisha mtu asiyeona na mbwa. Lugha yetu imekwisha kuwaumiza watu hao vya kutosha. Ila si siri kwamba mtaro uliofunikwa kwa ajili ya mbwa utamfaa pia bibi anayesubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, na ni aibu kidogo kama mbwa ndiye aliyetufanya tuufunike.

Linalowahusu moja kwa moja wahudumu wa afya ni meno. Mbwa asiyeona akiguswa kwa ghafla huweza kung'ata, hata aliyekuwa mpole miaka yote. Kwa hiyo aitwe kwa jina kabla ya kuguswa, na watoto wafundishwe hivyo. Lakini akishang'ata, upofu wake usiwe udhuru wa kuacha utaratibu wa kichaa cha mbwa. Mgonjwa anaweza kufika zahanati akisema, "Yule haoni tu, hana kichaa." Huenda ni kweli. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uamuzi wa chanjo ufanywe siku hiyohiyo, na mbwa aangaliwe kwa siku 10. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya kichaa kinachowapata binadamu, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Kinyume chake nacho hutokea: mbwa anayegonga ukuta na kutembea kwa mashaka huitiwa watu wenye marungu. Asiyeona huishi hivyo wiki baada ya wiki; huitikia jina lake, hula, hunywa, hugeuza kichwa kuifuata sauti. Mwenye kichaa hubadilika siku hadi siku, hushindwa kumeza, miguu hulegea, na kwa kawaida hufa ndani ya siku chache. Penye shaka, afungiwe bila kushikwa, na ofisi ya mifugo iitwe. Kadi ya chanjo iliyo hai ingeondoa sehemu kubwa ya shaka hiyo, nami singependa kumwona mbwa yeyote asiyeona akifugwa bila kuwa nayo.

Zipo siku ambapo kumwondoa mnyama duniani ndiyo huruma: maumivu yasiyoshikika kwa dawa, ugonjwa uliofika ubongoni, mnyama asiyeinuka wala kula tena. Uamuzi huo ufanywe pamoja na daktari wa mifugo, naye aumalize kwa sindano, mwenye mbwa akiwa karibu akisema naye kwa sauti anayoijua. Nyama iliyotiwa sumu na kuachwa uani si njia mbadala. Huliwa na mbwa wa jirani na kuku wa mtaa mzima, na mtoto wa mwaka mmoja anayetambaa huweza kuifikia kabla yao.