Mbwembwe za Mchezaji na Mawe ya Shabiki

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huu tumeusikia tangu utotoni, nasi huwarudia watoto wetu wanapotoka shuleni wakilia kwa kuachwa nyuma katika mbio za magunia. Lakini wengi wetu tukishavaa fulana ya timu na kulipa kiingilio, msemo huo huuacha mlangoni pamoja na kipande cha tikiti.

Siku ambayo Gor Mahia na AFC Leopards wanakutana jijini Nairobi, apitaye Kibera asubuhi hana haja ya kuuliza kuna nini. Rangi ni kijani na nyeupe, na vijana hushuka kwa makundi Barabara ya Mbagathi kuelekea Uwanja wa Nyayo, wakiimba na kupuliza vuvuzela. Huko Kawangware, kwenye kituo cha matatu za nambari 46, rangi ni buluu na nyeupe, na ngoma ya isukuti huanza kulia kabla chai haijapoa. Si kwamba kila mtu wa Kibera ni wa K'Ogalo, wala si kila mtu wa Kawangware ni wa Ingwe. Mitaa yote miwili ina watu wa kila namna. Hata mechi yenyewe huitwa Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana miaka mingi, na si ajabu kukuta nyumba ambamo mume anashangilia huku na mke kule.

Jina hilo peke yake ni funzo. Shemeji hutaniwa, na shemeji mwenye akili huujibu utani kwa utani mkali zaidi. Lakini ni nani aliyewahi kusikia shemeji akipigwa mawe kwa sababu alicheka?

Hata hivyo mawe hurushwa. Jumapili ya 18 Machi 2012, timu hizo mbili zilipokutana Nyayo, refa alimwonyesha mchezaji mmoja wa Gor kadi nyekundu kwa kumchezea vibaya mwenzake wa Leopards. Kadi moja tu, ya kosa moja, na machafuko yakazuka. Viti viling'olewa, mchezo ukasimama kwa muda mrefu, na watu waliokuja na watoto wao wakatafuta njia ya kutokea. Aliyepewa kadi alitoka uwanjani kwa miguu yake. Waliobaki wakipigana ni watu ambao hawakuwa wameugusa mpira siku hiyo.

Hebu sasa tuitazame mbwembwe, maana ndiyo inayolaumiwa kila mara kwamba huanzisha hasira. Mchezaji hufunga bao, akakimbilia kibendera cha kona, akakata kiuno, akavua fulana, au akaweka kidole mdomoni kuwaambia wapinzani wanyamaze. Papo hapo tunasema hana adabu, ametudharau sisi na wazazi wetu. Lakini tuulize kanuni inasema nini. Tangu 2004 sheria za kandanda duniani zinamtaka refa amwonyeshe kadi ya manjano mchezaji anayevua fulana kwa kushangilia bao. Kadi ya manjano, basi. Waliozitunga sheria waliona hilo ni kosa dogo, wakalipa adhabu ndogo. Shabiki hana kadi ndogo mfukoni. Kadi yake ni jiwe.

Na kuna jambo ambalo hatupendi kulikiri. Tarehe 5 Agosti 2012, miezi michache tu baada ya fujo zile za Nyayo, Ezekiel Kemboi alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London. Alipovuka mstari alianza kucheza densi palepale uwanjani, mabega na kiuno, mbele ya dunia nzima. Ilikuwa tabia yake. Alikuwa amecheza vivyo hivyo huko Daegu mwaka 2011 alipotwaa ubingwa wa dunia. Mtu huyu alipata dhahabu mbili za Olimpiki, 2004 na 2012, na akawa bingwa wa dunia mara nne, na densi yake ilijulikana karibu kama mbio zake. Je, kuna aliyeng'oa kiti Kibera? Kuna aliyesema Kawangware kwamba Kemboi amewadharau Wafaransa? Tulicheka, tukacheza naye mbele ya televisheni, wa kijani na wa buluu pamoja.

Vivyo hivyo mwaka 1990, Roger Milla wa Cameroon, mzee wa miaka 38, alipokuwa akifunga mabao kule Italia na kukimbilia kibendera cha kona kukizungukia kwa densi, Afrika nzima ilimwita shujaa. Basi ukweli ni kwamba hatuipimi mbwembwe. Tunampima mwenye mbwembwe. Akiwa wetu, ni furaha. Akiwa wao, ni matusi. Kiuno ni kilekile, na kilichobadilika ni fulana.

Tubaki kidogo na mbio zile za London, kwa sababu watu watatu waliopanda jukwaani siku ile wana mengi ya kutufundisha. Wa pili alikuwa Mahiedine Mekhissi wa Ufaransa. Alikuwa ameshindwa, na mshindi alikuwa akicheza mbele ya macho yake. Angeweza kununa na kuondoka. Badala yake Kemboi alimrukia, naye akambeba mikononi, kisha wakabadilishana fulana. Kwa kuwa alijua kushindwa, alipata sehemu katika furaha ya mwenziwe.

Lakini Mekhissi huyohuyo, katika mashindano ya Ulaya huko Zurich Agosti 2014, alikuwa mbele peke yake akielekea ushindi wa mbio zilezile, akavua fulana kabla hajafika mwisho na kuishika kwa meno. Kwanza alionyeshwa kadi ya manjano. Baadaye wapinzani wakalalamika, naye akapokonywa dhahabu, ikaenda kwa Mfaransa mwenzake, Yoann Kowal. Sheria ni sheria, na mkimbiaji anapaswa kumaliza mbio akiwa amevaa fulana na nambari yake. Mekhissi alifanya nini? Siku chache baadaye alirudi katika mashindano hayohayo akashinda mita 1,500. Jibu lake alilitoa kwa miguu.

Wa tatu alikuwa Abel Mutai, Mkenya. Tarehe 2 Desemba 2012 alikuwa akiongoza mbio za nyika mjini Burlada, Hispania. Alidhani amekwisha kuvuka mstari, akapunguza mwendo na kusimama, na watu waliomwelekeza kwa Kihispania hakuwaelewa. Nyuma yake alikuja Iván Fernández Anaya, mwenyeji, ambaye angeweza kumpita na kushinda bila kuvunja kanuni yoyote. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwashiria kwa mikono aendelee hadi mstarini, akakubali nafasi ya pili. Mkenya yule hakuwa ndugu yake wala shemeji yake. Alikuwa mgeni asiyejua lugha.

Hatusemi kwamba kila mchezaji awe mtakatifu, wala kwamba mbwembwe zote ni halali. Iko mipaka. Septemba 2009 Emmanuel Adebayor, aliyekuwa amehamia Manchester City kutoka Arsenal, alifunga bao dhidi ya timu yake ya zamani, kisha akakimbia urefu wa uwanja mzima kwenda kushangilia mbele ya mashabiki wa Arsenal. Huo haukuwa mchezo tena, ulikuwa uchokozi, na wakuu wa kandanda wa Uingereza walimwadhibu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Refa yupo, kamati zipo, faini zipo. Mtazamaji hakupewa kazi hiyo.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya kabla ya viwanja vya saruji. Mombasa na Lamu, zamani za ngoma ya beni, vikundi vya mtaa huu na mtaa ule vilishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta, na kwa nyimbo za kuchomana. Aliyeshindwa leo alirudi nyumbani kutunga wimbo wa kesho. Na jirani zetu wa Tanzania hadi leo huwaita Simba na Yanga watani wa jadi. Utani ni kamba ya mpira, unavutwa lakini haukatwi.

Tunaijua hoja ya shabiki, wala hatuidharau. Mtu amefanya kibarua siku sita, amelipa kodi ya chumba, na shilingi iliyobaki ameipeleka uwanjani. Timu yake ndiyo kitu pekee kinachoweza kumshindia jambo katika wiki hiyo. Ikifungwa, na aliyefunga akacheza mbele yake, anahisi amechekwa yeye na maisha yake yote. Maumivu hayo ni ya kweli. Lakini jiwe likirushwa haliendi kwa mchezaji, maana mchezaji amekwisha panda basi la timu. Linaenda kwa mwenye matatu, kwa mama anayeuza mboga kando ya barabara, kwa kijana wa mtaa wa pili mwenye fulana ya rangi nyingine.

Na kwetu rangi za fulana hazikai mbali na kabila. Kibera na Kawangware ziliona, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jinsi majirani walioazimana chumvi walivyoweza kufukuzana kwa mapanga. Mitaa iliyopita hapo haina ruhusa ya kuchezea moto kwa sababu ya bao.

Basi tunachowaomba mashabiki ni kidogo. Mchezaji wa wenzenu akikata kiuno, mcheke, mzomeeni, mtungieni wimbo wa kumkejeli mchana kutwa. Kisha mkitoka Nyayo, wa Mbagathi apite Mbagathi na wa 46 apande 46, kila mtu na utani wake mdomoni. Jumatatu shemeji atakuja kuomba chai, na ni vizuri akute kikombe na si kidonda.