Dhahabu Ina Mzani, Mandhari Je?

Kwa ndugu wa Makongolosi na Chunya yote.

Barua hii inatoka Marekani, na mwandishi wake ni mtoto wa huko huko kwenu. Ana hoja moja iliyomkaa moyoni.

Makongolosi hakuna asiyejua kupima. Mawe hutoka duarani, hupita kwenye karasha, mchanga huoshwa mwaloni, zebaki huchomwa, na kinachobaki ni kitonge cha njano juu ya mzani. Hapo wote hunyamaza, macho kwenye namba. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa nchini mwaka 2019, namba hiyo huingia pia kwenye vitabu vya serikali: gramu ngapi, bei gani, mrabaha kiasi gani.

Mchimbaji wa dhahabu hiyo siku ya mapumziko yuko njiani kwenda Mbeya. Gari limefika kule juu milimani, baridi inauma, na bonde la Usangu limetanda chini mpaka macho yachoke. Dereva anasimama, abiria wanashuka, simu zinatoka mifukoni. Raha ile haiandikwi popote. Siku mlima au msitu utakapogombaniwa, mwenye mkaa atakuja na hesabu ya magunia, na anayeutetea atakuja mikono mitupu.

Wachumi walishalihangaikia jambo hili. Mwaka 1947 Harold Hotelling aliiandikia idara ya hifadhi za taifa ya Marekani akapendekeza njia nyepesi: tazama wageni wametoka umbali gani na safari imewagharimu nini. Anayetoka Makongolosi kwenda kuliona ziwa la Ngozi hulipa nauli na chakula, hupoteza na siku ya kazi, kisha hupanda msituni kwa miguu ili ayatazame maji ya kreta akiwa ukingoni. Vyote amevitoa kwa hiari. Kiingilio ni sehemu ndogo tu ya thamani aliyoipa safari hiyo.

Afrika Mashariki mfano upo. Mwaka 1994 watafiti Navrud na Mungatana walichapisha utafiti wa Ziwa Nakuru, Kenya: kutazama wanyama na ndege pale kulikuwa na thamani ya dola milioni 7.5 hadi 15 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi moja ilitokana na flamingo. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na flamingo wengi wamehamia kwingine. Kwa kuwa hesabu ilishafanywa, Wakenya wanaweza kutaja kwa fedha ukubwa wa kilichowaponyoka.

Uwanda wa Kitulo nao una funzo. Viazi vya okidi vilichimbwa vikapakiwa magunia kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na kila gunia lilikuwa na bei. Ua lililobaki ardhini halikuwa na bei yoyote, hadi uwanda ule ulipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Huku Marekani sheria ya mwaka 2016 iliagiza burudani za nje zihesabiwe katika uchumi wa nchi. Kwa mwaka 2023 zilifikia asilimia 2.3 ya pato la taifa. Hesabu hiyo inategemea kilichonunuliwa, kama boti na mahema. Ikichukuliwa hivyohivyo Mbeya, itamwona mtalii mwenye dola na kumsahau kijana wa Makongolosi aliyebeba chupa ya maji na mihogo ya kuchemsha. Huyo ndiye wa kuanza naye.

Mwandishi anaiomba halmashauri ya Chunya iwatume wanafunzi wa chuo kikuu pale milimani na madaftari. Wamuulize kila anayeshuka garini: umetoka wapi, umetumia kiasi gani, umeacha kazi gani, na nauli ikipanda maradufu utarudi? Majibu yabaki halmashauri, kwenye kabati lilelile lenye takwimu za dhahabu.